Kikombe cha Bi Odila

Inspekta Deoclécio Fontoura alikuwa ametoa ahadi mbili kabla ya kupanda treni ya Ijumaa kuja Santa Quitéria das Águas: kwamba atakunywa maji kama daktari alivyoandika, na kwamba hatamhoji mtu yeyote mpaka Jumatatu. Ahadi ya kwanza aliitimiza shingo upande. Ya pili ilivunjika Jumamosi saa mbili na robo asubuhi, akiwa na kikombe cha tatu cha Chemchemi ya Figo mkononi na tumbo limejaa maji mpaka akitembea linasikika.

"Kuna mtu analia," alisema.

"Hakuna mtu anayelia," alijibu mkewe, Lindaura, bila hata kugeuka. "Kunywa."

"Analia kule kwenye banda la vikombe."

"Deo, una vijiwe vinne kwenye figo. Vitatu kati ya hivyo umevipata kwa kuwakimbilia watu wanaolia. Kunywa."

Alikunywa, kisha akaenda. Lindaura alimfuata na chupa na karatasi ya daktari, kwa sababu katika miaka ishirini na tisa ya ndoa alikuwa amejifunza wapi pa kupigana na wapi pa kuandamana tu.

Banda lilikuwa katikati ya bustani ya maji, paa lake la vigae likitoa mvuke kwa jua la kwanza la Julai. Ndani mlikuwa na kabati refu la milango ya kioo, na kabatini kulabu mia moja na ishirini katika safu tatu za arobaini arobaini. Wageni wa Santa Quitéria hawaondoki na vikombe vyao. Kila kikombe hubaki kwenye kulabu yake yenye namba, kikimsubiri mwenyewe mpaka mwaka ujao. Mwenyewe akifariki, jamaa zake huja wakakishusha kwa mikono yao hadi safu ya chini, safu ya marehemu, na huko hakiguswi tena. Huko chini kulikuwa na vikombe vya bati, vya risasi na vya shaba, vingine vya tangu enzi za mfalme, vyote vimefifia kwa uzee, na hapa na pale kulabu tupu zikingoja zamu zao.

Aliyekuwa akilia ni mwanamke wa miaka arobaini hivi, amevaa koti jeusi la msiba. Aliyetuhumiwa hakuwa akilia. Huyo alisimama kando ya kabati, mikono ndani ya aproni, mdomo umefungwa. Inspekta aliliona hilo kabla hajaambiwa lolote.

"Inspekta!" alisema Custódio, msimamizi wa bustani, mtu mwembamba aliyekuwa akiogopa barua yoyote itokayo kwa meya. "Mungu amekuleta."

"Mimi ndiye niliyemleta," alisema Lindaura, "na nimemleta kwa ajili ya figo."

Maelezo yalitolewa na yule mwenye koti jeusi. Aliitwa Marialva Vilhena, mwalimu, kutoka Rio. Mama yake, Bi Odila, alifariki Septemba iliyopita. Kwa miaka thelathini na nane Bi Odila na mumewe walikuja hapa kila Julai, na vikombe vyao viwili vya fedha, pacha vya zawadi ya harusi, vilining'inia safu ya kati, arobaini na saba cha mume, arobaini na nane cha mke. Jana mchana Marialva alipomleta baba yake, mzee Aristeu, vyote viwili vilikuwepo. Leo asubuhi wamekuja, baba yake akiwa ameketi pale kwenye ngazi, kukishusha cha mama kwa heshima zote, kulabu namba arobaini na nane iko tupu.

"Na ufunguo anao mtu mmoja tu," alisema, akimtazama mwenye aproni.

"Alikuwa nao," alisema Custódio. Alinyoosha kiganja. "Bi Jovelina, nipe."

Bi Jovelina aliutoa ufunguo uliokuwa shingoni mwake kwa utepe. Alikuwa na miaka sitini na tatu, na thelathini na minne ya hiyo aliitumia akifungua kabati lile saa moja asubuhi na kulifunga saa kumi na moja jioni. Custódio alilifunga, akaujaribu mlango mara mbili, akautia ufunguo mfukoni.

"Kikombe kisipoonekana mpaka kesho saa sita, ufunguo huu haurudi kwako. Bi Marialva na baba yake wanaondoka na treni ya saa nane, na mimi siwezi kuwaaga nikiwa sijachukua hatua."

"Vizuri," alisema Bi Jovelina.

"Vizuri?" Inspekta aliuliza. "Ndiyo jibu lako lote?"

"Ulitaka niimbe?"

Lindaura aliutazama uso wa mumewe, akahesabu kimoyomoyo mpaka tatu, akampa kalamu.

Kwanza alimhoji Bi Jovelina, nyuma ya banda, kwenye sinki la kuoshea vikombe.

"Mchana kabati linafungwa?"

"Halifungwi. Mgeni anachukua mwenyewe, anarudisha mwenyewe. Mimi niko hapa nasuuza na kukausha."

"Unavisugua?"

"Jumatatu tu, kwa majivu. Siku nyingine maji matupu."

"Jana kuanzia saa tisa mchana, nani alikuja?"

"Masista wawili wa Uberaba. Mjane wa mwenye duka la dawa. Na Bwana Quirino, yule muuza vifungo, na gazeti lake kwapani."

"Wengine?"

"Basi."

"Basi kabisa?"

"Inspekta, mimi ni mzee, si kiziwi. Nimesema basi."

Alisema hivyo akilitazama bomba. Inspekta aliandika neno *basi* na kulipigia mstari chini. Kisha akarudi mbele akalitazama kabati kupitia kioo, safu kwa safu, Custódio akipumua begani kwake. Kulabu ya arobaini na saba ilikuwa na kikombe cha mzee Aristeu, kimeinamishwa kidogo, ndani yake panang'aa safi.

"Karatasi ya daktari ya mzee Vilhena inasemaje?" Inspekta aliuliza.

"Chemchemi ya Chuma," alijibu Marialva. "Vikombe vitatu kila mchana. Damu yake imepungua. Jana alivinywa vyote, alikataa nisimsindikize."

Inspekta alikirudia kikombe kwa macho. Kila anayekuja Santa Quitéria anayajua maji ya Chuma: yanatoka bombani meupe, na kikombe kikikauka yanaacha duara la kutu kwenye kitako, ambalo halitoki kwa maji matupu. Kikombe cha mzee hakikuwa na duara lolote. Aliandika hilo pia.

*

Abelardo Quirino alikuwa kwenye baraza la hoteli, na gazeti lake mapajani limefunga kitu cha duara. Alipomwona Inspekta alilifunika kwa kofia.

"Bwana Quirino, jana ulitoka bandani na furushi."

"Si lako."

"Ndiyo maana nauliza. Lifungue."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Muuza vifungo alitazama kushoto, akatazama kulia, akafungua. Lilikuwa jibini zima la shambani, limeliwa robo, na kisu kidogo kimechomekwa katikati. Ubavuni kulikuwa na kipande cha jeli ya mapera.

"Daktari amenipiga marufuku mafuta," alisema kwa sauti ya chini. "Hotelini mke wangu ananikagua mifuko. Bandani hakagui. Inspekta, wewe ni mwanamume mwenye mke, unanielewa."

Inspekta alielewa. Alielewa kiasi cha kukubali vipande viwili, na alikuwa bado anatafuna cha pili Lindaura alipotokea na chupa.

"Umeshapata mwizi?" aliuliza.

"Si huyu."

"Naona. Futa mustachi."

Mchana walimkuta mzee Aristeu Vilhena kwenye benchi la njia ya misonobari, peke yake, mgongo umenyooka, mikono juu ya fimbo. Binti yake alikuwa ameenda kwa Custódio kudai barua rasmi. Kabla Inspekta hajafungua mdomo, mzee aliinua kofia.

"Inspekta Fontoura na mkewe. Karibuni mketi."

"Tumewahi kufahamishwa?" Inspekta aliuliza.

"Asubuhi ulisema mengi pale bandani. Na tumbo lako, uniwie radhi, linamtangulia mwenyewe kwa hatua kumi. Bibi naye anapaka mafuta ya lavenda. Odila wangu alikuwa anayapenda."

Lindaura alicheka, akaketi karibu naye kuliko ilivyohitajika. Alikuwa tayari ameshampenda.

"Mzee, jana mchana ulikunywa wapi?"

"Chemchemi ya Chuma. Vikombe vitatu, kama daktari alivyoandika."

"Kwa kikombe chako?"

Mzee alichelewa kidogo. "Kwa kikombe changu."

"Ulimwona Bi Jovelina?"

"Nilimsalimia. Tunasalimiana tangu alipokuwa msichana wa kufagia majani. Yule mwanamke hajaiba kitu, Inspekta. Mwambie hivyo binti yangu, mimi hanisikii. Siku hizi tunazungumza kama watu wawili waliokutana kwenye foleni."

"Kwa nini?"

"Hilo nami nalitaka kulijua." Alizungusha fimbo. "Anataka kunipeleka Rio, kwenye nyumba za ghorofa, nikae dirishani. Jana pale kwenye ngazi ameniambia waziwazi: baba, ukipoteza kitu kimoja zaidi, ukijikwaa mara moja zaidi, nafunga ile nyumba ya Pouso Fundo nakuchukua. Nimeishi katika nyumba ile miaka sabini na nane, bwana. Nilizaliwa kwenye chumba cha nyuma. Nikiamka usiku hakuna ubao wa sakafu nisioujua. Rio nitakufa kabla ya Krismasi, na sisemi hivyo ili nihurumiwe."

Lindaura alimshika mkono. Walipoagana na kufika kwenye kona ya misonobari, alitoa leso akajifuta macho, kisha pua.

"Mtu mtamu sana," alisema. "Lakini ananuka mayai viza."

*

Jumapili saa tano asubuhi, baada ya misa, ilikuwa zamu ya Lindaura ya kuoga katika nyumba ya bafu la kiberiti. Inspekta alimsindikiza mlangoni, ambako ile harufu ya mayai viza inampokea mtu tangu barabarani. Saa moja tu ilibaki. Daftari lilikuwa na kurasa saba za maneno na jina hakuna.

"Shika," alisema Lindaura, akivua hereni zake za fedha moja moja. Kisha akavua cheni ya kipaimara.

"Kwa nini unanipa mimi? Ziache humo ndani kwenye kikapu."

"Humo ndani? Mvuke wake tu unatosha. Unataka nitoke na hereni nyeusi kama kikaango? Hata mtoto wa hapa anajua, fedha na kiberiti havikai meza moja. Hakuna mtu anayepeleka fedha..."

Hakumaliza, kwa sababu mumewe alimbusu paji la uso mbele ya wajane wanne waliokuwa wakisubiri zamu, akaondoka karibu akikimbia.

Custódio alitoa ufunguo kwa shida, kama anayeng'olewa jino.

"Dakika tano," alisema Inspekta. "Nikae peke yangu na Bi Jovelina. Ukitaka kuhakikisha, simama pale kwenye waridi uhesabu."

Alifungua mlango wa kioo. Alishika kulabu tupu ya arobaini na nane, akashuka kwa kidole moja kwa moja mpaka safu ya marehemu. Chini yake hasa ilikuwa kulabu ya themanini na nane. Palikuwa na kikombe cheusi tii, kisicho na mng'ao wowote, katikati ya kikombe cha bati na cha risasi. Kwa siku mbili watu kadhaa walikuwa wamekitazama, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao, na hakuna aliyekiona, kwa kuwa hakuna mzoefu wa Santa Quitéria anayeweza kufikiri kwamba kitu cheusi vile kilikuwa fedha siku ya Ijumaa. Alikishusha, akachota majivu kwenye kopo la sinki, akasugua mara tatu kwa kidole gumba. Ilitokea herufi O.

"Kirudishe," alisema Bi Jovelina nyuma yake. "Nakuomba, Inspekta. Kirudishe, funga, uende zako ukanywe maji."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu jana asubuhi. Wote walipokuwa wanapiga kelele kwenye arobaini na nane, mimi niliangalia chini nikakiona. Ningepata usiku mmoja tu ningekisugua kikarudi kama kipya, asingejua mtu. Lakini Custódio akachukua ufunguo hapo hapo."

"Ijumaa mzee alikuja kukichukua, na wewe hukunitajia jina lake."

"Sikukutajia."

"Kwa sababu haoni."

Bi Jovelina alikaa kwenye kigoda chake. Aproni aliikunja, akaikunjua.

"Nilijua alivyonisalimia," alisema. "Nilikuwa nimesimama mbele yake, sijasema kitu, akapita. Nilipokohoa ndipo akainua kofia. Wewe umejuaje?"

"Kikombe chake hakina kutu, kwa hiyo hakukitumia kwenye Chuma. Ananuka kiberiti, wakati hakuandikiwa kiberiti. Nikajiuliza, mzoefu wa miaka thelathini na nane anaendaje kwenye chemchemi isiyo yake, tena na fedha mkononi? Chuma haina harufu, Bi Jovelina. Wala ya Figo, wala ya Gesi. Katika bustani hii kuna chemchemi moja tu ambayo mtu anaweza kuifikia kwa pua peke yake. Alitaka kwenda mwenyewe bila kushikwa mkono, akaenda inakompeleka pua. Akaketi pale na kikombe mapajani, hakioni kinavyobadilika rangi. Akarudi, akahesabu kulabu kwa vidole, mkono ukakosea safu moja."

"Basi umemaliza kazi yako. Sasa nyamaza."

"Saa sita unanyang'anywa ufunguo. Mji mzima utasema wewe ni mwizi."

"Nikinyang'anywa nitalia." Sauti yake ilitikisika kwa mara ya kwanza. "Nitalia sana, nisikudanganye, hili kabati ndilo nyumba yangu. Lakini nitakuwa hai. Yule mzee akipelekwa Rio, mwakani naye atashushiwa kikombe chake huku chini. Nimeona wengi wakishushiwa, Inspekta. Yeye sitaki."

Inspekta alikitazama kikombe. Katika kazi yake alizoea watu wanaoficha kosa lao. Mtu anayeficha upofu wa mwenzake na kulipia kwa jina lake mwenyewe, huyo hakuwa na ukurasa wake kwenye daftari. Alikifuta majivu kwa leso.

"Dakika tano!" Custódio aliita kutoka kwenye waridi.

*

Hakumwambia Custódio, wala hakumwambia Marialva. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi la misonobari, akaketi, akamwekea mzee kikombe mikononi.

Vidole vya mzee vilikizunguka, vikapita kwenye mpini, vikafika kwenye herufi.

"Umekipata!" Uso wake wote ulifunguka. "Kilikuwa wapi? Nani alikichukua?"

"Wewe, mzee."

"Mimi nilikichukua, ndiyo. Nilikitaka chake yeye, nikinywee mara moja kabla hakijashushwa. Lakini nilikirudisha! Nilihesabu kulabu nane kutoka kwenye mlango."

"Nane ni sawa. Safu ndiyo siyo. Na sasa ni cheusi."

Inspekta alimwambia yaliyobaki kwa maneno machache: maji ya kiberiti, safu ya marehemu, ufunguo, saa sita, na Bi Jovelina aliyejua kila kitu akafunga mdomo.

"Anafukuzwa kwa ajili yangu?"

"Amekubali mwenyewe. Mimi nimekuja kukuambia tu. Sina la kukuamuru."

"Saa ngapi sasa?"

"Saa sita kasoro dakika ishirini."

Mzee Aristeu alisimama. Inspekta alimshika kiwiko, naye akakitoa taratibu.

"Niachie. Njia hii kuna mteremko mmoja, kisha changarawe. Nitembee mwenyewe, angalau leo."

Pale bandani walikuwepo Custódio na barua yake iliyokwisha kugongwa muhuri, Marialva na begi lake miguuni, na Bi Jovelina, ambaye alipoona nani anakuja na nini mkononi, alisema "Yesu wangu" na kujifunika mdomo kwa aproni. Lindaura naye alifika kutoka bafuni, nywele mbichi, akasimama kando ya mumewe bila kuuliza.

"Marialva," alisema mzee. Alikuwa amegeukia upande wa kabati, si upande wa binti yake. "Kikombe cha mama yako nilikichukua mimi. Nilikipeleka kwenye kiberiti kikaharibika, nikakitundika mahali pasipo pake. Jovelina hakugusa kitu. Alijua ni mimi, akakubali kuitwa mwizi ili wewe usijue. Mimi sioni, mwanangu. Naona mwanga na kivuli, basi. Sasa umejua, fanya unavyoona inafaa."

Marialva aliliacha begi lake. Alimsogelea, akasimama upande ambao mzee hakuutazamia, na alipomgusa bega mzee alishtuka.

"Tangu lini?"

"Miaka minne."

"Miaka minne! Na mama?"

"Mama yako ndiye alikuwa macho yangu. Alinisomea gazeti, alinikatia nyama, alinong'ona majina ya watu wakija. Ulipokuja likizo alinibana kiwiko kila palipo na kidato. Tulikuwa hodari." Alijaribu kutabasamu. "Alipokufa nilibaki na hodari mmoja asiyejua kazi."

Custódio aliichana barua vipande viwili, kisha vinne, akawa hajui pa kuvitupa. Alimwendea Bi Jovelina na ufunguo.

"Bi Jovelina, mimi..."

"Wewe nini? Weka hapa." Alijivalisha utepe shingoni. "Na ile kauli yako ya 'Bi Jovelina nipe', utakuja kuniomba radhi kwa sauti ile ile, mbele ya watu wale wale."

"Nitaomba."

"Jumatatu. Leo nina kazi."

Alimpokea mzee kikombe, akamshika shavu kidogo kama mtu wa nyumbani, akaingia nyuma kwenye sinki. Sauti ya majivu yakisugua fedha ilianza kusikika, na kilio chake kikichanganyika nayo bila aibu.

Marialva alikuwa amemkalisha baba yake kwenye ngazi ya banda. Inspekta angetaka kuondoka, lakini Lindaura alikuwa ameketi ngazi ya juu yao na kumvuta koti naye aketi, akampa kikombe cha nne.

"Ndiyo maana hukunijibu," alisema Marialva.

"Sikukujibu nini?"

"Barua, baba. Tangu msiba nimekuandikia saba. Hujajibu hata moja."

Mzee alitia mkono ndani ya koti. Alitoa bahasha saba zilizofungwa kwa uzi, pembe zimechakaa kwa kubebwa, na hakuna hata moja iliyofunguliwa.

"Mpishi wangu hajui kusoma," alisema. "Padri anajua, lakini anajua na kusema. Na barua ya binti yangu sikutaka isomwe na mtu wa barabarani. Nilidhani ni za kunikaripia, nikasema heri nizibebe tu. Huwa nazishika. Nilijua unaniandikia, hilo lilinitosha."

"Zilikuwa hazikaripii."

"Basi nisomee."

Marialva aliukata uzi kwa meno. Aliipanga ile ya kwanza juu, akaifungua, akaanza kwa sauti ya darasani ambayo haikudumu.

"*Baba mpendwa. Nimerudi Rio na nyumba imekuwa kimya sana. Nimeuliza, na shule ya Pouso Fundo inatafuta mwalimu wa darasa la tatu. Ningependa kurudi nyumbani, tuishi wote. Chumba changu cha zamani kinanitosha. Najua umezoea kuwa na mama tu, na pengine hutaki mtu mwingine ndani ya nyumba. Usiponijibu nitaelewa kwamba...*"

Hakuweza kuendelea. Lindaura alimshika Inspekta mkono, akaubana mpaka ukauma. Mzee Aristeu alikuwa ameinamisha kichwa, akingoja, na aliposikia hakuna linaloendelea alinyoosha mkono, akaupapasa mpaka akaupata uso wa binti yake.

"Unakuja lini?" aliuliza.

"Baba, hii ni barua ya Novemba."

"Mimi nimeipata leo."